Kupunguza Hewa Ukaa katika Kilimo cha Maua Dar es Salaam: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kutoka Kitaluni hadi kwa Mteja

Mtu akiingia katika bustani ya maua akaulizwa gesijoto, yaani gesi zinazopasha dunia joto, inatokea wapi, atanyoosha kidole kwenye jenereta, kwa sababu jenereta inanguruma na moshi wake unamfikia puani. Hakuna anayeunyooshea kidole mfuko wa urea ulioegemezwa ukutani mwa stoo. Hata hivyo mfuko mmoja wa kilo 50, ukishatiwa shambani, husababisha gesijoto inayolingana na kilo 135 hivi za hewa ukaa, yaani karibu sawa na kuchoma lita 60 za petroli, na hapo haijahesabiwa nishati iliyoteketea kiwandani wakati mbolea hiyo ilipotengenezwa. Mwongozo huu unafuata ukweli huo: unakaa zaidi kwenye mambo yasiyoonekana kwa macho lakini yenye uzito mkubwa, na unayapitia haraka yale yanayozungumzwa sana ilhali uzito wake ni mdogo.

Wanaolengwa ni wakulima wadogo wa maua na wenye vitalu wa jiji hili, kuanzia Bunju na Kibamba hadi Chanika na Kigamboni, pamoja na wapambaji wa kumbi wanaonunua kwao. Mimi mwenyewe nina bustani ndogo Kibada, Kigamboni, na mengi yaliyomo humu niliyajua baada ya kuyakosea.

Hatua ya kwanza: Fungua daftari kabla ya kununua chochote

Watu wengi huanza kwa kununua paneli za sola. Anza na daftari la shilingi chache, kwa sababu hutaweza kupunguza kitu ambacho hujakipima, na mara nyingi utagundua kwamba fedha ulizotaka kuzitumia kwenye paneli zingefanya kazi kubwa zaidi mahali pengine. Kwa mwezi mzima andika lita za petroli na dizeli, mifuko ya mbolea na aina yake, uniti za umeme, kilo za gesi ya kupikia kama unaitumia kusindika, safari za bajaji au gari, idadi ya maua uliyokata na idadi ya maua uliyotupa.

Mwisho wa mwezi zidisha. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa, lita ya dizeli hutoa kilo 2.7, na kilo moja ya gesi ya mitungi hutoa kilo 3 hivi. Kwa mbolea, hesabu inategemea naitrojeni iliyomo. Kanuni ya kawaida inayotumiwa na wataalamu wa tabianchi duniani huchukulia kwamba asilimia 1 ya naitrojeni inayotiwa ardhini huishia kuwa naitrasi oksaidi, gesi ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto kama kilo 273 za hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Urea ina naitrojeni asilimia 46, na zaidi ya hapo huachia hewa ukaa yake yenyewe inapoyeyuka udongoni, ndiyo maana mfuko wake unafikia kilo 135. Mfuko wa CAN wa uzito huohuo husababisha kilo 55 hivi shambani, na NPK ya 17-17-17 kilo 36 hivi. Ziandike namba hizi kwenye jalada la ndani la daftari, zitakusaidia mwaka mzima.

Safu ya maua yaliyotupwa ndiyo inayouma kuliko zote. Ukikata maua 10 na kutupa 3, gesijoto yote ya maua 10 inabebwa na yale 7 yaliyouzwa, kwa hiyo kila ua lililomfikia mteja limekuwa zito kwa asilimia 43 zaidi ya lilivyopaswa kuwa. Hakuna mtambo wa kisasa unaoweza kufidia hasara ya namna hiyo. Mkulima anayepunguza maua ya kutupa kutoka 3 hadi 1 katika kila 10 amefanya kazi kubwa, hata kama bado anatumia pampu ya petroli.

Hatua ya pili: Panda ua linaloikubali Pwani

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, walilinganisha mawaridi ya Kenya yaliyosafirishwa kwa ndege na mawaridi ya Uholanzi yaliyokuzwa karibu na soko, wakakuta ya Uholanzi yalikuwa na hewa ukaa zaidi ya mara tano, pamoja na kwamba hayakupanda ndege. Sababu ni kwamba Uholanzi walilazimika kupasha joto na kuwasha taa ndani ya vitalu nyumba, ilhali Naivasha, Kenya, jua na hali ya hewa vilifanya kazi hiyo bure. Wengi huisoma habari hiyo kama sifa kwa Afrika Mashariki na kuishia hapo. Kwetu sisi wa Dar es Salaam ina onyo: ukilazimisha waridi la nyanda za juu liishi Kigamboni kwa mafeni na vipoza hewa, umerudia kosa lile la Uholanzi kwa upande wa pili. Wao wanapasha, wewe unapoza, na bili ni ileile.

Waridi la dukani likishakatwa hutaka kuhifadhiwa kwenye nyuzi joto kati ya 0 na 2. Lile tunaloliona mjini kwa kawaida limetoka Arusha, safari ya zaidi ya kilomita 600, na likishushwa Mbezi asubuhi hupokelewa na joto ambalo halikuzaliwa nalo. Kinyume chake, helikonia, anthuriamu, orkidi na maua ya jamii ya tangawizi ni watoto wa joto na unyevu. Zaidi ya hayo hayahitaji jokofu. Yakiwekwa chini ya nyuzi 12 au 13 hudhurika, rangi ikageuka kuwa ya kahawia na petali zikalegea. Ua linalougua likitiwa kwenye jokofu limekuondolea gharama ya jokofu. Anthuriamu iliyokatwa vizuri hukaa kwenye chombo wiki mbili na zaidi, muda unaotosha sendofu, harusi na wageni wa baada ya harusi.

Tusisahau maua yaliyokuwa ya hapa kabla ya biashara ya mashada kuja: asumini, kilua, mkadi, mlangilangi na mrehani. Soko la vikuba, yaani vishada vidogo vya maua ya kunukia, bado lipo, hasa Ijumaa na msimu wa harusi, na mimea hii imeizoea Pwani. Anayehitaji mawaridi kwa lazima, kwa sababu bibi harusi hataki kusikia kingine, aulizie kwanza milima iliyo karibu zaidi na Dar es Salaam kuliko Arusha, kama vile Uluguru.

Hatua ya tatu: Punguza mbolea ya dukani bila kudhoofisha maua

Hapa ndipo penye mavuno makubwa. Udongo mwingi wa Dar es Salaam ni kichanga, na kichanga hakishiki naitrojeni. Ukitia urea leo na mvua ya masika ikashuka kesho, sehemu kubwa inazama chini kufuata maji, na inayobaki kwenye udongo uliolowa chepechepe inakuwa chakula cha bakteria wanaotoa naitrasi oksaidi. Kwa hiyo jambo la kwanza halihitaji fedha: angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kutia mbolea, na usitie chochote ndani ya siku mbili kabla ya mvua kubwa.

La pili ni kugawa kipimo. Badala ya kutia gramu 60 kwa mara moja kila baada ya miezi miwili, tia gramu 10 au 15 kila baada ya wiki mbili, uifukie kidogo kwa kijiti na kumwagilia juu yake. Urea inayoachwa juani juu ya ardhi hupotea hewani, na harufu kali inayokupiga puani ni fedha yako inayoondoka. Mwenye mfumo wa umwagiliaji wa matone anaweza kuiyeyusha ndani ya tangi na kuipitisha kwenye mabomba, ikafika mzizini moja kwa moja. Kwa kugawa na kufukia peke yake nilipunguza zaidi ya theluthi moja ya mbolea niliyokuwa nikinunua, na maua hayakuonyesha dalili ya njaa.

La tatu ni mboji, na hapa jiji letu limejaliwa. Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi, kila siku hubaki marundo ya mikungu, majani na maganda ya ndizi, vitu vyenye potasiamu nyingi ambayo mimea ya maua huipenda. Wafugaji wa kuku wa nyama, ambao karibu kila mtaa wa pembezoni una mmoja, huhangaika pa kutupa maranda yaliyochanganyika na kinyesi. Takataka za aina hiyo zikipelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi zikafukiwa chini ya nyingine, huoza bila hewa na kutoa methani, gesi ambayo kilo yake moja inapasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Zikija kwako zikaoza penye hewa, sehemu kubwa ya methani hiyo haizaliwi.

Tengeneza lundo lenye upana wa mita moja na nusu na kimo kama hicho. Panga tabaka la vitu vikavu, kama majani ya mwembe, makuti yaliyokatwakatwa na maranda, lenye unene wa kiganja cha mkono kilichosimamishwa, kisha tabaka jembamba la vitu vibichi na samadi ya kuku, na kuendelea hivyo hadi juu. Kwa makadirio ya macho, vikavu viwe ndoo tatu kwa kila ndoo moja ya samadi. Mwagia maji kila tabaka, kisha jaribu kwa mkono: kamata konzi moja na ulibane, likitoa tone moja au mawili, unyevu umetosha, na likichuruzika, umezidisha. Chomeka fimbo ndefu katikati ya lundo na uiache. Siku ya nne ichomoe na uishike ile sehemu iliyokuwa ndani. Ikiwa moto kiasi kwamba huwezi kuishika kwa muda, lundo linafanya kazi. Ikiwa ya vuguvugu tu na ina harufu ya yai bovu, hewa haimo, na kile unachokitengeneza sasa ni dampo dogo lenye methani yake. Geuza mara moja na uongeze vikavu. Kwa joto la Dar es Salaam, lundo linalogeuzwa kila wiki huiva ndani ya miezi miwili na nusu hadi mitatu.

Nisiwadanganye wasomaji: samadi nayo si malaika. Naitrojeni yake pia hugeuka naitrasi oksaidi, hasa ikitiwa mbichi, na samadi mbichi ya kuku huunguza mizizi juu ya hayo. Faida yake inatokana na kwamba hakuna kiwanda kilichochoma gesi kuitengeneza, hutoa naitrojeni polepole kwa mwendo wa mmea, na huufanya udongo wa kichanga ushike maji, hata pampu ikafanya kazi kidogo. Mimi sijaacha kabisa mbolea ya dukani. Natumia mboji kama chakula cha kila siku na NPK kama kitoweo, wakati machipukizi yanapoanza kutoka.

Katika nafasi iliyo wazi kati ya misimu panda marejea, mmea wa jamii ya kunde unaorutubisha udongo, uikate na kuifukia inapoanza kutoa maua. Na acheni ile desturi ya kufagia majani alfajiri na kuyatia kiberiti. Kila uchochoro wa jiji hili saa kumi na mbili asubuhi una moshi wa namna hiyo, na ni mboji inayoungua.

Hatua ya nne: Udongo wa kupandia na makumbi ya nazi

Duniani vitalu vingi hutumia mboji ya vinamasi iliyochimbwa kwenye mabwawa ya kale ya nchi za baridi, na kila inapochimbwa, kaboni iliyolala humo kwa maelfu ya miaka huamka. Hapa tuna mbadala usio na hatia hiyo, nao ni makumbi ya nazi. Yakisagwa na kuchekechwa, vumbi lake hushika maji na hewa kwa pamoja, jambo ambalo anthuriamu na orkidi hulitaka kuliko mbolea yenyewe.

Nilipoanza, niliagiza magunia ya makumbi yaliyokwisha kulainishwa, nikafurahi kwamba nimeokoa kazi. Wiki ya tatu kingo za majani ya anthuriamu zikawa kavu na za kahawia, kama karatasi iliyopitishwa karibu na mshumaa. Nilidhani ni jua, nikaongeza kivuli, hali ikazidi. Mpaka siku moja nililamba ncha ya kidole nilichokuwa nimechomeka kwenye kiriba, nikapata jibu: ilikuwa chumvi tupu. Makumbi yale yalikuwa yamefukiwa ufukweni kwa miezi, kama wanavyofanya wasokota kamba ili nyuzi ziachane, na maji ya bahari yalikuwa yameingia hadi ndani. Nilipoteza vipandikizi zaidi ya mia moja.

Kwa hiyo uliza makumbi yalilainishwa wapi. Hata kama ni ya nchi kavu, yaloweke kwenye pipa la maji yasiyo na chumvi kwa siku moja, mwaga maji yote, na urudie mara tatu. Yale maji ya mwisho yaonje kwa ncha ya ulimi. Bado yana chumvi, rudia. Kisha changanya sehemu mbili za makumbi, sehemu moja ya mboji iliyoiva na sehemu moja ya mchanga mnene au vipande vidogo vya mkaa. Mkaa huo uwe ule vumbi na chenga zinazobaki chini ya gunia kwa wauza mkaa, usinunue mkaa mzima kwa kazi hii. Hukaa udongoni miaka mingi bila kuoza na husaidia kushika virutubisho.

Viriba vya plastiki vitumike zaidi ya mara moja. Usivichane wakati wa kuhamisha mche. Bonyeza pande zote, pindua, na mche utoke na udongo wake.

Hatua ya tano: Maji, kivuli na nishati

Kivuli cha kwanza kiwe cha miti. Anthuriamu hutaka kivuli kizito na helikonia nyingi huridhika na kivuli chepesi, kwa hiyo shamba la minazi lenye miembe michache tayari ni kitalu nyumba kisicho na mabomba ya chuma wala nailoni ya kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Penye uwazi jenga uchanja wa miti na makuti. Nyavu za kivuli zinunuliwe tu pale miti haijakua.

Kuhusu maji, anza na paa. Dar es Salaam hupata mvua ya zaidi kidogo ya milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi yake ikiwa ya masika na vuli. Paa la mita za mraba 60 linaweza kukupa lita 48,000 hivi kwa mwaka baada ya kutoa zinazopotea, na maji hayo hayana chumvi ya kisima wala hayakuvutwa na pampu yoyote. Matangi ya kuhifadhi yote hayo ni ghali, nakubali. Hata tangi moja la lita 5,000 likijaa na kutumika mara kwa mara wakati wa mvua hupunguza kazi kwenye kisima.

Kupandisha lita 5,000 kutoka kina cha mita 30 hadi kwenye tangi hutumia takriban uniti moja ya umeme kwa pampu ndogo ya kawaida. Jenereta dogo la petroli hula nusu lita au zaidi kwa kuzalisha uniti hiyohiyo, yaani zaidi ya kilo moja ya hewa ukaa. Umeme wa gridi yetu unatokana kwa sehemu kubwa na maji na gesi asilia, na tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 kwenye Mto Rufiji lianze kuzalisha mwaka 2024, hewa ukaa ya kila uniti imepungua. Kwa mwenye nguzo ya TANESCO mlangoni, kuachana na jenereta kunatosha. Paneli zinaweza kusubiri. Kwa aliye mbali na nguzo, pampu ya sola inayojaza tangi mchana ndiyo jibu, na haihitaji betri, kwa kuwa tangi lenyewe ndilo betri. Angalia tu kivuli: yangu niliifunga Juni jua likiwa upande wa kaskazini, na Desemba lilipohamia kusini nikakuta mwembe wa jirani umefunika nusu ya paneli tangu saa tisa mchana.

Weka mfumo wa matone, mwagilia alfajiri, na funika ardhi kwa makuti au makumbi mabovu unene wa vidole vinne.

Hatua ya sita: Vuna ili usitupe

Helikonia ikishakatwa haifunguki zaidi, kwa hiyo ikate ikiwa imefikia sura unayotaka kuiuza. Anthuriamu ikatwe pale kijiti cha katikati kilipobadilika rangi kwa takriban robo tatu ya urefu wake. Ikikatwa changa hunyauka mapema. Kazi yote ifanyike kabla jua halijapanda, kwa kisu kikali, na ndoo ya maji safi iwe mkononi na si mwisho wa tuta. Ndoo zisuguliwe kila siku, na matone machache ya dawa ya klorini yatiwe katika maji, maana kinachoziba vikonyo ni utelezi wa bakteria.

Kuhusu kupoza, nilifundishwa na bibi mmoja anayeuza asumini karibu na pantoni, upande wa Kigamboni. Nilimkuta saa kumi jioni akifunga tumba zilizokuwa bado zimefumba ndani ya jani la mgomba lililopitishwa kidogo juu ya moto ili lisipasuke.

"Shikamoo bibi. Mbona hutii kwenye friji?"

"Marahaba mwanangu. Friji ya nini? Hii ikilala baridi haitofumbua. Mtu anataka imnukie usiku, si mchana."

Asumini huchumwa tumba jioni na hufunguka usiku, na jani la mgomba hushika unyevu bila kuziba pumzi. Bibi yule hana uniti hata moja ya umeme katika biashara yake.

Vipo vipoza vya matofali na mkaa uliolowa ambavyo husifiwa sana, na huko Dodoma penye hewa kavu vinafanya kazi vizuri. Hapa kwetu hewa tayari imejaa maji, na wakati wa masika kipoza hicho ni chumba chenye ukungu tu. Kati ya Juni na Septemba kinaweza kusaidia nyuzi chache. Kwa siku nyingine, chumba cha makuti chenye sakafu ya mchanga uliolowa na upepo wa kupita kinatosha kwa maua ya joto.

Anayelazimika kuwa na jokofu asome kibandiko cha nyuma. Gesi ya kupozea ya R134a ina nguvu zaidi ya mara 1,300 kuliko hewa ukaa, kwa hiyo gramu 100 zikivuja ni sawa na mfuko wetu ule wa urea. Jokofu la R600a halina uzito huo. Fundi mmoja aliyekuja kunitengenezea la zamani alifungua bomba na kuiacha gesi yote ipae, akaniambia ni kawaida. Siku hizi nauliza kabla fundi hajafungua begi lake: una chombo cha kuikusanyia? Kama hana, namlipa nauli na kumwita mwingine.

Hatua ya saba: Kusindika bila kuni nyingi

Maua yaliyobaki Jumapili yasihesabiwe kuwa hasara kabla ya kujaribu njia mbili. Tumba za asumini zisizo na umande zitumbukizwe jioni kwenye mafuta ya nazi safi, yafunikwe kwa kitambaa, na asubuhi zichujwe na kuwekwa nyingine. Baada ya siku tano au sita mafuta yatakuwa yamebeba harufu yote, na hakuna kuni iliyoungua. Tone la maji likiingia mafuta yatachacha, kwa hiyo usichume baada ya mvua. Rozela nayo ikaushwe kwenye kaushio la jua lenye paa la nailoni angavu na matundu ya hewa chini na juu. Katika hewa yetu, kukausha juu ya mkeka bila kaushio huleta ukungu.

Mlangilangi unahitaji kukenekwa, yaani kupitishiwa mvuke ili mafuta yake yatoke, kwa saa nyingi, na hapo kuni haziepukiki kwa urahisi. Jenga jiko la udongo lililofunika sufuria hadi mabegani, tumia matawi ya kupogolea yaliyokaushwa mwezi mzima badala ya kuni mbichi, na yale maji ya kupozea yanayotoka yakiwa ya moto yatumie kujaza sufuria ya mkupuo unaofuata.

Hatua ya nane: Kufunga na kupeleka

Sponji ya kijani ya kuchomekea maua ni plastiki, haiozi, na inatumika siku moja. Badala yake kunja wavu wa kuku ndani ya chombo, utadumu miaka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni ya kufungia shada bado imejaa mjini. Karatasi ya kaki, jani la mgomba na kamba ya katani ya Tanga hufanya kazi hiyo, na wateja wangu wa harusi wameanza kuviomba wenyewe kwa sababu vinapendeza kwenye picha.

Kusanya safari. Badala ya kuvuka mara nne kwa wiki, mimi huvuka Jumanne na Ijumaa, kwa pantoni ya kwanza, maua yakiwa wima kwenye ndoo ndani ya bajaji na kitambaa kibichi juu. Foleni ya saa nne asubuhi iliwahi kuniharibia helikonia 40 kwa jua la dakika 50. Kwa anayewaza soko la nje, auze kwanza maua yanayodumu, kwani hayo ndiyo yanayoweza kuvumilia meli. Wakulima wa Kenya tayari hupeleka sehemu ya mawaridi yao Ulaya kwa meli kupitia Mombasa, na tofauti ya hewa ukaa kati ya meli na ndege ni kubwa mno.

Mwisho, kubaliana na mpambaji kabla ya sherehe kwamba ndoo, wavu na maua yaliyotumika vitarudi. Kwangu vinarudi Jumapili asubuhi kwa bajaji ileile inayokuja kuchukua oda ya misiba. Ndoo zinasuguliwa, wavu unatundikwa msumarini, anthuriamu ambazo bado ni nzima zinakatwa vikonyo upya na kuuzwa kwa bei nafuu kwa wenye migahawa, na yaliyobaki yanakwenda kwenye lundo la mboji, tabaka la vibichi, na samadi ya kuku inafuata juu yake.